Mezani ni Kiingereza

Mbunge wa Tanzania hatakiwi kujua Kiingereza. Ibara ya 67 ya Katiba inasema anayetaka ubunge awe anajua kusoma na kuandika katika Kiswahili au Kiingereza, na kimoja kinatosha. Kwa hiyo mtu aliyeishia darasa la saba kule Mwakitolyo anaweza kwenda Dodoma, akajadili bajeti ya nchi, akapitisha marekebisho ya sheria ya madini, na asitamke neno hata moja la Kizungu mpaka Bunge livunjwe. Mtu huyo huyo akiajiriwa kwenye mgodi mkubwa wa dhahabu, akataka kuwa mwakilishi wa wenzake katika chama cha wafanyakazi, ataambiwa na wenzake, tena kwa upendo kabisa, kwamba nafasi hiyo si ya kwake. Hakuna kanuni inayosema hivyo. Watu wanajua tu.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa uchaguzi wa chama unafanyika kwa Kiswahili, na ni kweli. Karatasi ya kura ina majina, na jina halina tafsiri. Kampeni zinapigwa kantini na kwenye basi la zamu, kwa Kiswahili kilichochanganywa na utani wa Kisukuma. Msimamizi anaeleza utaratibu kwa Kiswahili, kura zinahesabiwa kwa Kiswahili, na aliyeshindwa analalamika kwa Kiswahili. Ukitafuta Kiingereza siku ya uchaguzi hutakiona. Ndiyo maana hakuna anayekilalamikia. Kilishafanya kazi yake kabla ya siku hiyo, wakati watu wanaamua nani achukue fomu na nani asijisumbue.

Nasoma shahada ya uzamili, na tasnifu yangu ni kuhusu wawakilishi wa wafanyakazi migodini. Kwa ajili yake nimekaa majuma kadhaa Geita, Katoro, Kahama na Bugarama, nikinywa soda na watu waliotoka zamu ya usiku. Mgodi ninaousimulia hapa siutaji, na chama sikitaji, kwa sababu walionisimulia bado wana kazi na wanaihitaji.

Kwenye tawi moja wanachama walikuwa wakimtaka operata wa mashine ya kuchoronga, mtu wa miaka kumi na nne chini ya ardhi. Ndiye aliyekuwa akienda kusimama mbele ya msimamizi mwamba ulipokuwa na hitilafu, ndiye aliyejua nani kaumia na nani kanyimwa likizo ya msiba. Nilimuuliza kwa nini hakugombea. "Mdogo wangu," akaniambia, "pale mezani ni Kiingereza. Mimi nitakaa kama gunia la mpunga." Akashinda karani wa stoo. Huyo karani si mtu mbaya, nimezungumza naye mara mbili. Ni kijana mwenye stashahada na anayeongea Kiingereza kizuri. Kosa lake ni kwamba hajawahi kushika mashine ya kuchoronga. Wala hakuomba achaguliwe kwa sababu ya lugha, ila hiyo ndiyo sababu aliyopewa kila alipopongezwa.

Kwa hiyo wanachama walikuwa na kura huru na ya siri, na wakaitumia kumchagua mkalimani.

Sasa tuangalie anakwenda kukalimani nini, maana hapa ndipo watu wanapodhani nazungumzia heshima ya lugha, na mimi nazungumzia mshahara. Mkataba wa hali bora niliofunguliwa kwenye simu ya mwanachama mmoja ulikuwa na kurasa zaidi ya thelathini, zote kwa Kiingereza. Katikati yake kuna ibara fupi, sentensi mbili, kuhusu kuhesabu saa za kazi kwa wastani. Kwa kawaida sheria yetu inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Lakini kifungu cha 22 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinaruhusu mkataba wa hali bora uliandikwe jambo jingine: saa zihesabiwe kwa wastani katika kipindi kinachokubaliwa, na kipindi hicho kinaweza kufika hata mwaka. Maana yake, wiki uliyopiga saa sitini inalainishwa na wiki uliyokuwa nyumbani, na pale ulipotegemea kuona ovataimu unaona sifuri. Ni halali. Kwa watu wanaotoka mbali wanaotaka siku nyingi za kukaa na familia kwa mkupuo, utaratibu huo unaweza hata kuwafaa. Ila jambo la namna hiyo linastahili kujadiliwa na kupigiwa kura, na wale niliokutana nao waliligundua kwenye hati ya mshahara. Walikwenda kugombana na watu wa mishahara. Miezi miwili waligombana nao, kwa jambo ambalo chama chao wenyewe kilikuwa kimelisaini.

Mkataba wa hali bora si barua. Kifungu cha 71 cha sheria hiyo kinasema unaanza kufunga siku unaposainiwa, na pale chama kinapotambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, unawafunga hata wasio wanachama walio kwenye kundi hilo. Kifungu hicho kinataka mkataba uwe wa maandishi na uwe na sahihi. Kuhusu lugha kimenyamaza. Kifungu cha 47 kinaagiza katiba ya chama ieleze namna ya kuteua na kuchagua viongozi, namna ya kupiga kura, na kura ya kabla ya mgomo. Lugha, kimya. Pamoja na hayo, watunga sheria walijua fika kwamba wapo wafanyakazi wasioelewa makaratasi, kwa sababu kifungu cha 15 kinamwagiza mwajiri ahakikishe mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya ajira yake anaelezwa kwa namna anayoielewa. Soma tena: mwajiri ahakikishe. Yaani upande wa pili wa mkataba ndio unaokufasiria mkataba.

Kuna karatasi moja ambayo haijawahi kumpa mtu shida ya lugha. Ni fomu ya TUF 6, ile ya kumruhusu mwajiri akate ada ya chama kwenye mshahara. Makato hayahitaji mkalimani.

Wakati mwingine jambo hili huelezwa kama hatua tu ya maendeleo, kwamba watu wakisoma litaisha. Sikubaliani, na historia hainishawishi. Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi huru vilifutwa ikaundwa NUTA, ambayo Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais na alikuwa vilevile Waziri wa Kazi. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, chini ya CCM. Jina la Kiswahili kabisa, linaeleweka na mfagizi na mhandisi, na mfanyakazi hakuwa na sauti ya maana ndani yake. Baadaye ikaja Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 1998, iliyoanza kutumika 2000, ikatupa vyama huru tunavyochagua wenyewe. Mwaka huo huo wa 2000 mgodi wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu. Bulyanhulu ukafuata 2001. Uhuru wa kuchagua viongozi na migodi mikubwa ya kigeni viliingia Kanda ya Ziwa kwa mlango mmoja, na kilichokuja na migodi ni makaratasi ya Kiingereza. Hata majina yalibadilika. Leo mchimbaji ni mwanachama wa TAMICO au wa NUMET. Muulize herufi hizo ni kifupi cha maneno gani, usikilize atakavyokujibu. Enzi za JUWATA tulikuwa na jina tunalolielewa na kura isiyo na uzito. Sasa kura tunayo, na inatupeleka kwenye meza tusiyoielewa.

Uzito wa haya huonekana kwenye kura nyingine, ile ya mgomo. Kifungu cha 80 kimeweka ngazi: mgogoro uwe wa maslahi, upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, muda wa usuluhishi uishe bila muafaka, kura ipigwe kwa mujibu wa katiba ya chama na wengi wa waliopiga waukubali mgomo, kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Ukiruka ngazi moja mgomo si halali, na asiye na mgomo halali hana kinga. Mwishoni mwa Oktoba 2007 wafanyakazi wa Bulyanhulu waligoma. Mwajiri akautangaza mgomo kuwa haramu, na mamia ya watu wakapoteza kazi. Sisemi lugha ndiyo iliyowafukuza. Pale palikuwa na mambo mengi, na walioshiriki wanabishana mpaka leo. Nasema kwamba umbali kati ya mgomo na kufukuzwa ulipimwa kwa makaratasi, na anayenyanyua mkono kwenye kura ya namna hiyo anaweka rehani ada za watoto, nyumba ya kupanga Kahama na ng'ombe wa wazazi. Mtu huyo ana haki ya kulisoma mwenyewe swali analolipigia kura, na hati zote zinazomhakikishia kwamba ngazi zimefuatwa. Kuambiwa na mwenzake "tumeshamaliza kila kitu" hakutoshi.

Na wanawake? Sheria inataka sehemu yenye wanachama zaidi ya 100 iwe na wawakilishi kumi na watano, na angalau watano kati yao wawawakilishe wafanyakazi wanawake. Ni kifungu kizuri. Lakini wanawake wengi niliokutana nao migodini wako jikoni, kwenye usafi na kwenye ufuaji, mara nyingi chini ya kontrakta, na wengi wao hawakuvuka kidato cha nne. Waliokuwa wakitajiwa kwangu kuwa wawakilishi wao walitoka ofisini. Mama mmoja wa jikoni aliniambia mwakilishi wao "anatusemea vizuri sana," halafu akacheka: "sema hatujui anasema nini."

Hoja inayopendwa dhidi ya haya yote ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Hoja hiyo ilipaswa kuzikwa mwaka 2017. Machi mwaka huo makontena ya mchanga wa dhahabu yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, Rais akaunda kamati, na kuanzia Mei ripoti zikasomwa Ikulu mbele ya kamera, kwa Kiswahili, zikiwa na hesabu za dhahabu, shaba na salfa, mrabaha na kodi. Tuliokuwa tukiangalia hatukuhitaji shahada. Neno makinikia, ambalo karibu hakuna aliyekuwa akilitumia mwaka uliotangulia, lilikuwa kwenye midomo ya bodaboda wa Runzewe ndani ya majuma machache. Mtu anaweza kuzipinga tarakimu za ripoti zile, na wapo waliozipinga kwa hoja nzito, lakini hakuna aliyesema hakuzielewa. Taifa lilipotaka kugombania mikataba ya dhahabu liligombana kwa Kiswahili. Na kabla ya Ikulu, wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Mgusu walikuwa wameshaunda kamusi yao bila kuomba kibali kwa mtu: duara, matimba, mwalo, karasha, marudio. Ukitaka kujua kama lugha inaweza kubeba uchimbaji, simama dakika kumi karibu na duara watu wakigawana mifuko ya mawe. Humo kuna hisa, gharama, riba na adhabu, na kila mtu anajua fungu lake.

Wengine husema tafsiri ipo, mbona unalalamika. Ndiyo, mahali pengine ipo. Nimeona nakala ya lugha mbili, safu mbili kwenye ukurasa mmoja, na mwishoni kipengele kile ambacho mawakili wanakijua kwa moyo: zikitofautiana, ya Kiingereza ndiyo itakayozingatiwa. Hapo safu ya Kiswahili ni ya kutuliza watu. Siku ya ugomvi inafungwa, inafunguliwa nyingine.

Na hoja ya mwekezaji, kwamba bodi iko Johannesburg au Toronto na haiwezi kusoma Kiswahili? Sawa. Itafsiriwe kwa ajili yao. Kampuni yenye mawakili katika nchi tatu inaweza kumlipa mfasiri kuliko chama cha wachorongaji. Tumezoea kuona kwamba mgeni anayekuja kuchimba hapa ndiye asome kwa lugha yake, na mwenyeji ndiye aelezwe.

Wala Serikali haiwezi kusema haijatoa mwelekeo. Mwaka 2021, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka huo, lugha ya sheria ikawa Kiswahili, na lugha ya mahakama na vyombo vingine vya utoaji haki ikawa Kiswahili, Kiingereza kikabaki kwa mazingira maalumu. Tarehe 1 Februari mwaka huo, kwenye Siku ya Sheria pale Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani huku akimsifu kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili, na shauri lenyewe lilihusu mgodi wa dhahabu wa North Mara. (Kupandisha jaji kwa sababu ya namna hiyo kuna maswali yake, niyaache.) Tafakari hali tuliyojikuta nayo. Mchimbaji aliyefukuzwa anaweza kulalamika kwa Kiswahili, akasikilizwa kwa Kiswahili na kuandikiwa tuzo kwa Kiswahili, na kielelezo cha kwanza kinachopokelewa ni mkataba wa Kiingereza ambao mwakilishi wake aliusaini kwa niaba yake. Tumeitafsiri mahakama. Hati inayogombaniwa mbele yake tumeiacha ilivyo.

Mahali pengine duniani swali hili limefika mahakamani kwa ajili ya watu walio wachache. Mwaka 1987 mahakama ya rufani ya shirikisho huko Marekani iliamua kwamba tawi namba 11 la chama cha wafanyakazi wa hoteli na migahawa, Los Angeles, lilipaswa kuweka mkalimani kwenye mikutano yake ya kila mwezi, kwa kuwa karibu nusu ya wanachama walielewa Kihispania tu. Mantiki yake ilikuwa rahisi: sheria ikimpa mwanachama haki sawa ya kushiriki, na mkutano ukaendeshwa kwa lugha asiyoijua, haki hiyo hana. Wale walikuwa wahamiaji katika nchi ya watu. Sisi tuko Msalala, kwenye ardhi ambayo babu zetu walichungia, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya taifa, na bado tunaona aibu kuomba walichopewa wahudumu wa hoteli wa Los Angeles. Kisukuma sijakigusa. Wazee wa Bukoli wanaoelewa mambo vizuri zaidi kwa Kisukuma nao wana hoja yao, na siku moja mtu ataiandika.

Mzigo mkubwa nautwika vyama vyenyewe. Mwajiri anatetea anachokitetea, na sitarajii aje kunigawia nguvu. Lakini chama kinachokaa mezani kina uwezo wa kusema: hatusaini kitu ambacho wanachama wetu hawajakisoma kwa Kiswahili siku kumi na nne kabla, na nakala ya Kiswahili ndiyo itakayozingatiwa. Ni sharti kama masharti mengine ya majadiliano. Sijakutana na kiongozi aliyeniambia waliwahi kuliweka mezani wakakataliwa. Walioniambia kitu waliniambia haikuwahi kuwajia akilini, na mmoja, mkweli kuliko wenzake, alisema kiongozi akiwa ndiye pekee anayeelewa kilichoandikwa, wanachama wanamhitaji zaidi. Sikutegemea kusikia hilo likisemwa waziwazi. Nililiandika lilivyo na kumsomea, akatikisa kichwa kwamba ndivyo.

Basi nawaambia wachorongaji, madereva wa madampa, mafundi wa kuchomelea na akina mama wa jikoni, kwa kuwa wao ndio wenye kura. Wagombea watakapopita kantini, msiwaulize wanajua Kiingereza kiasi gani. Muulizeni kila mmoja nakala ipi itasainiwa, na ipi itapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Mwambieni alete rasimu ya mwaka huu, asome ibara ya saa za kazi kwa sauti, kwa Kiswahili, hapo hapo kantini. Na yule operata wa kuchoronga, kama bado anasema atakaa kama gunia la mpunga, mchukulieni fomu.